Kwanza Utumbo, Halafu Mimba: Niliyowaambia Akina Mama wa Moshi

Haya ndo niliyoongea kwenye mkutano wetu wa akina mama hapa Moshi, kuhusu mimba zinazotoka na ugonjwa wa utumbo unaoletwa na ngano. Wengi mlipiga simu mkasema hamkuweza kufika, mwingine alikuwa na msiba, mwingine mtoto anaumwa, mwingine mvua, basi mpwa wangu alirekodi kwenye simu tukakaa tukaandika yote kama yalivyotoka mdomoni. Picha za ukutani nimeziacha, mkisoma mtaelewa bila hizo.

Shikamooni wakubwa zangu, wadogo zangu habari za mchana. Wababa mliokuja naomba tuwapigie makofi, maana wengine hutuleta mpaka getini wakisikia ni mambo ya uzazi wanakumbuka wana kikao. Karibuni, leo mambo yanawahusu kweli kweli.

Mimi mnanijua. Nimefanya kazi wodi ya wazazi mpaka nikastaafu, humu ndani naona sura za watu niliowapokea kwa mikono hii hii na sasa wana ndevu. Mlipoambiwa nakuja kuongea mlidhani nitaongelea kliniki na presha. Leo nimekuja kuongelea ngano. Eeh, chapati. Mnacheka? Chekeni tu, nitawasubiri.

Nitawasimulia habari ya mke wa mwanangu. Mwenyewe amenipa ruhusa, akaniambia mama sema yote ila jina langu liache, kwahiyo humu ndani wanaomjua wanyamaze na wasiomjua wasiulize. Mkwe wangu alikuwa anashika mimba vizuri tu, hilo halikuwa tatizo, tatizo mimba haikai. Ya kwanza ikatoka, watu wakasema pole, hutokea. Na ni kweli hutokea, kwenye mimba 100 zinazojulikana kuna 10 mpaka 20 zinazotoka, na nyingi zinazotoka mapema ni kwasababu kile kijusi kilianza na kromosomu, yani vile vibeba urithi, ambazo hazijakaa sawa, hakuna mtu alikosea kitu, hakuna ndoo iliyobebwa, hakuna aliyerukwa na paka. Ya pili ikatoka. Hapo minong'ono ikaanza. Iliyofuata ikatoka, na minong'ono haikuwa minong'ono tena, wengine walisema kabisa mbele ya chai.

Sasa nisikilizeni hapa. Huyu binti pembeni ya hizo mimba alikuwa na mambo mengine ambayo hakuna aliyeyaunganisha. Damu yake ilikuwa 8, anapewa vidonge inapanda kidogo, akiviacha inashuka. Tumbo linajaa, akila chakula cha mchana jioni anafungua kifungo cha sketi anafunga khanga juu. Choo mara laini mara kigumu, mara kinaelea hakitaki kushuka na maji. Vidonda vya mdomoni haviishi. Uchovu, yani uchovu ule wa mtu kukaa kitandani akiwa ameshika kiatu kimoja hajui kama avae. Akatibiwa amiba. Akatibiwa taifodi. Akapewa dawa za minyoo. Akaambiwa ni vidonda vya tumbo. Huku tumbo la chakula lina daktari wake na faili lake, tumbo la uzazi lina daktari wake na faili lake, na hayo mafaili mawili hayajawahi kukutana meza moja!

Nani aliyakutanisha? Daktari kijana kabisa, kwenye kliniki ya akina mama. Mkwe wangu ameenda kuongelea mimba zilizotoka, yule kijana akamsikiliza mpaka mwisho alafu akamuuliza, dada choo chako kikoje? Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Mkwe wangu akaniangalia mimi kwanza kama anaomba ruhusa ya kujibu mbele ya mama mkwe. Nikamwambia jibu mwanangu, mimi ni nesi, choo nimeona vingi.

Hilo ndo jambo la kwanza, na nitalirudia mpaka mkereke. Mwanamke ambaye mimba zinatoka zinatoka, na damu haipandi, na tumbo halitulii, aulizwe kuhusu choo chake. Aulizwe kuhusu chakula chake. Akina dada, daktari asipowauliza, semeni wenyewe. Mkiona aibu andikeni kwenye karatasi mumpe.

Kipimo kilichoanza ni cha damu, kinaitwa tTG-IgA, kinatafuta kingamwili za aina ya IgA zinazoonyesha utumbo unapigwa, na pamoja nacho wanapima IgA yote kwa ujumla, kwasababu kuna watu miili yao haitengenezi IgA ya kutosha na kwao kile kipimo cha kwanza kitasema huna kitu wakati unacho. Alafu ndo akaja kumeza kamera, endoskopi, wanaingia mpaka mwanzo wa utumbo mwembamba wananyofoa vinyama vidogo wanapeleka maabara. Hapa mkoani kwetu endoskopi ipo, hospitali ya KCMC wanafanya. Na hapa naomba sana, mtu yeyote akitoka hapa akajishuku asiache ngano kwanza! Ukiacha ngano mwezi mzima ndo ukaenda kupima, kipimo kinaweza kusema uko salama na utabaki hujui. Endelea kula kama kawaida, pima, ndo uache. Nimeona watu wanasoma kwenye simu, wanaacha mkate wenyewe, wanapata nafuu, alafu daktari akitaka uthibitisho inabidi warudie kula ngano wiki kadhaa na kuumwa upya.

Majibu yakasema siliaki.

Siliaki ni nini? Sio aleji, sio gesi, sio tumbo la wasiwasi. Ni kinga ya mwili wako mwenyewe ikikutana na protini inayoitwa gluteni, iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, ile nafaka ya Ulaya inayofanana na ngano, badala ya kuiacha ipite inawaka hasira na inaupiga utumbo wako mwenyewe. Utumbo mwembamba kwa ndani una manyoya madogo madogo sana, fikiria taulo jipya, yale manyoya ndo yananyonya chuma, foleti, B12, vitamini D, kalsiamu, zinki. Siliaki inalinyoa taulo. Unabaki na kitambaa kinachong'aa, unamwagia maji yanapita. Mkwe wangu alikuwa anakula, jamani alikuwa anakula kuliko mwanangu, lakini chakula kilikuwa kinapita njia.

Mzee mmoja wakati ule akasema huo ni ugonjwa wa wazungu, sisi Wachaga unatupataje? Nikamwambia baba, jamii iliyokutwa na siliaki kwa wingi kuliko karibu wote duniani ni Wasaharawi wa Sahara Magharibi, ni Waafrika, kwa watoto wao waliopimwa ilizidi 5 katika kila 100. Kwa dunia nzima ni kama mtu 1 katika 100. Inategemea jeni ulizozaliwa nazo na kama ngano iko mezani kwako. Na ngano kwetu ipo, mashamba ya West Kilimanjaro mnayaona, Karatu mnaijua, na mjini kila kona asubuhi ni andazi na chai.

Na kabla ya watu kujua ni ngano, watoto walikuwa wanakufa. Kuna daktari wa watoto Uholanzi, Willem Dicke, alikuwa anaishuku ngano tangu miaka ya 1930, alafu ikaja ile njaa ya vita ya mwaka 1944 kuingia 1945, mkate ukapotea kabisa, watu wanakula mpaka vitunguu vya maua. Watoto wote wanadhoofika, wale wa siliaki wakawa afadhali! Mkate uliporudi nao wakarudi kuharisha. Mwaka 1950 akaandika tasnifu yake, na mpaka leo dawa ni ile ile, hakuna kidonge, hakuna sindano, ni kuacha ngano, shayiri na rai maisha yote. Mtu akikuuzia unga wa mizizi wa kuponya siliaki, mwambie asante na hela yako irudishe kwenye pochi.

Sasa twende kwenye jambo ambalo ndo nimelijia.

Siku majibu yalipotoka, mwanangu na mke wake walitoka pale na furaha. Mnashangaa? Mimi sikushangaa, hatimaye jambo lina jina. Na wote wawili wakasema basi, tumeacha ngano, mwezi ujao tunajaribu tena. Na yule daktari akasema hapana. Subirini.

Kwanza utumbo, halafu mimba. Semeni na mimi. Kwanza utumbo, halafu mimba!

Kwanini? Siliaki isiyotibiwa inahusishwa na mimba kutoka, na mtoto kukua taratibu tumboni, na kuzaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo. Lakini mwanamke akishajulikana, akaacha gluteni kisawasawa, utumbo ukapona, hatari inashuka inakaribiana na ya wanawake wengine. Mmesikia? Inakaribiana na ya wengine. Hii ndo habari njema ya leo na ni habari kubwa, ila ina sharti lake, utumbo uwe umepona, na utumbo hauponi kwasababu umeamua leo asubuhi. Zile kingamwili za tTG kwenye damu zinachukua miezi 6, wengine mwaka, wengine miaka 2 kushuka zikawa kawaida. Ndo maana madaktari wengi watakuambia jipe kama mwaka hivi, pima kila baada ya miezi kadhaa, angalia zinashuka au zimegoma.

Na huku kusubiri sio kukaa kizembe. Kuna kazi humo ndani.

Damu ipande, na sio damu tu hata akiba ya chuma, ferritini, ipimwe. Vidonge vya chuma usimeze na chai, chai inakizuia chuma, meza na maji au juisi ya chungwa. B12 ipimwe, vitamini D ipimwe. Tezi ya shingo ipimwe, thairoidi, maana siliaki na ugonjwa wa thairoidi ni mtu na jirani yake, na thairoidi isiyotulia nayo inasumbua mimba. Sukari pia.

Alafu foliki, yani ile foleti ikiwa kwenye kidonge au kwenye unga. Hapa nikae kidogo. Uti wa mgongo na ubongo wa mtoto vinaanza kwa mfereji unaojifunga ndani ya wiki 4 tu tangu mimba itunge, yani wengi wetu wakati huo hata hatujui kama tuna mimba, tunadhani siku zimechelewa. Kwahiyo foliki inaanzwa kabla. Mwanamke wa kawaida mikrogramu 400 kwa siku, angalau mwezi mmoja kabla mpaka wiki 12 za mimba. Mwenye siliaki, kwasababu utumbo wake ulikuwa haunyonyi, daktari anaweza kumwandikia dozi kubwa ya miligramu 5, na hiyo ni ya kuandikiwa, usijinunulie. Na kuna jambo wengi hawalijui, Tanzania tangu mwaka 2011 unga wa ngano wa viwandani unatakiwa kuongezwa foliki na chuma na zinki na B12. Ni jambo zuri sana, lakini mkwe wangu alipoacha ngano aliziacha na hizo! Unga wa mahindi wa viwanda vikubwa nao unaongezwa, ila ule wa mashine ya mtaani wa kilo zako mwenyewe hauna. Kwahiyo mtu anayehama kutoka mkate kwenda dona ya mashineni ajue foliki yake ataitoa wapi, mchicha, maharage, kunde, na kidonge juu yake.

Na maini? Najua, damu ikishuka kila bibi anapika maini. Wakati huu wa kusubiri mara moja moja sawa, ila ukishakuwa na mimba usile maini kila siku, yana vitamini A nyingi mno kwa mtoto.

Na wakati wa kusubiri mtajizuiaje? Msiangalie chini, mko wakubwa. Kondomu inafaa, kitanzi na kijiti vinafaa, vikitoka uzazi unarudi haraka. Ile sindano ya miezi 3 mimi simshauri mtu wa namna hii, uzazi unaweza kukawia kurudi mpaka mwaka au zaidi baada ya kuiacha, na tena inapunguza uimara wa mifupa, na mwenye siliaki mifupa yake tayari imeshaibiwa kalsiamu. Ongeeni na nesi wa uzazi wa mpango, mwambieni kabisa ninapanga kubeba mimba mwakani.

Sasa ikaja Desemba. Mnaijua Desemba ya Kilimanjaro, magari yote ya Dar yako mlimani, kila boma lina watu, kila kihamba kina moshi. Na kila anayeshuka kwenye gari swali lake ni moja, vipi, bado? Shangazi anaangalia tumbo kabla hajaangalia uso. Mkwe wangu siku ile anapika nje na wenzake, ulezi wa mbege umeshachemka, mbuzi anachunwa, akaja ndugu mmoja akasema kwa sauti, huyu tumpeleke kwa mtu amwangalie, mimba hazitoki hivihivi.

Mwanangu akasimama. Sio mtu wa maneno yule. Akasema, mke wangu anatibiwa, ugonjwa unajulikana, tumesubirishwa na daktari na mimi ndo nimekubali kusubiri, mwenye swali aniulize mimi. Akakaa akaendelea kula. Wababa, mmesikia alichosema? Hakusema mke wangu amesubirishwa. Alisema tumesubirishwa. Toka siku ile swali halikuulizwa tena mbele yangu, nyuma yangu sijui na sitaki kujua.

Na huyo huyo mwanangu alipimwa naye, maana mimba zikitoka mara kwa mara haiwezekani mtu mmoja ndo abebe mafaili yote. Na hapa niwaonye kidogo. Nisije kuwa nimewatoa hapa kila mimba iliyotoka mnailaumu chapati. Kuna dada nilimhudumia zamani, alishasikia habari ya gluteni kwa rafiki yake wa nje, akaacha mkate, akaacha tambi, na mimba ikatoka tena. Alipopimwa vizuri hakuwa na siliaki hata chembe. Damu yake ndo ilikuwa inaganda kirahisi, wanaita ugonjwa wa antifosfolipidi, na kipimo chake kinarudiwa baada ya wiki 12 ndo wanathibitisha. Akaandikiwa aspirini ya dozi ndogo na sindano za heparini kwenye mimba iliyofuata, akazaa, na mtoto nilimpokea mimi. Mkate alirudia kula. Kwahiyo mimba ikitoka mara 2 au zaidi muulize daktari yote, siliaki, antifosfolipidi, thairoidi, sukari, umbo la kizazi kwa ultrasaundi, kromosomu za wote wawili. Na kundi la damu, kama wewe ni Rhesus hasi, yani kundi lako lina alama ya kutoa, uliza kuhusu sindano ya anti-D mimba inapotoka, hasa kama umesafishwa, na usikawie maana inatakiwa ndani ya saa 72.

Haya. Jikoni sasa, maana huku ndo vita inapopiganwa kila siku.

Tuanze na baraka. Sisi watu wa mlima chakula chetu cha asili karibu chote hakina gluteni! Ndizi haina. Mtori, machalari, kiburu, safi kabisa. Mahindi, mchele, ulezi, mtama, viazi, magimbi, mihogo, maharage, maziwa mgando, nyama, mayai, dagaa, vyote sawa. Majirani zetu wa Arusha na loshoro yao, sawa. Bibi zetu mkwe wangu angekaa nao bila shida. Hata mbege, ndizi na ulezi, nafaka yake sio tatizo, ingawa mwenye mimba hanywi mbege wala kitu chochote chenye kilevi, msije mkasema nesi ameruhusu. Bia za chupa nyingi ni shayiri, hiyo hapana.

Shida ni ngano inayojificha. Uji wa lishe! Nani humu amewahi kusoma uji wake wa lishe una nini? Mahindi, ulezi, soya, karanga, mchele, na ngano. Karibu kila anayechanganya anatia ngano. Mkwe wangu miezi ya mwanzo alikuwa anakunywa uji wa lishe asubuhi na jioni ili apate nguvu ya kubeba mimba, tTG ikapimwa imeshuka kidogo tu ikagoma, daktari anauliza unakula nini, anasema sili mkate, sili chapati, sili andazi. Ni kweli hakula. Alikuwa anakunywa.

Tukabadilisha, tukanunua ulezi wenyewe, tukauosha, tukaukausha juani, tukaupeleka mashineni. Nikaenda mwenyewe. Nimesimama kwenye foleni, mbele yangu kuna mama ana ndoo ya mchanganyiko, naona kabisa punje za ngano zinaingia kwenye kinywa cha mashine, unga unatoka, unapaa, unakaa kwenye nyusi za yule kijana, kwenye mfuko wa kitambaa, kwenye ukingo wa debe. Akamaliza akaniambia bibi leta wako. Nikamwambia subiri, hii mashine unaisafisha? Akachukua ufagio wa makuti akapiga piga pembeni, akasema tayari. Jamani! Nikabeba ulezi wangu nikarudi nao. Tumetafuta mpaka tukapata mtu ana mashine ya kusaga mahindi na ulezi tu, ngano hapokei, kule ndo tunasaga, nauli inatuuma lakini ndo hivo.

Mnaona nimezidisha? Kiwango cha kimataifa cha chakula kinachoitwa hakina gluteni ni kisizidi miligramu 20 kwa kilo nzima. Miligramu! Unga unaobaki kwenye mashine ni zaidi ya hapo. Kwahiyo nyumbani kwangu sasa mkwe wangu ana mwiko wake, kuna chujio lake, kuna kikaango chake, siagi ina kopo lake kwasababu kisu kilichopita kwenye mkate kinarudi na chembe. Siku ya chapati unga unapaa, basi chapati zinapikwa jiko la nje na chakula chake kinafunikwa. Mafuta yaliyokaanga sambusa hayakaangi viazi vyake, na mtaani chipsi ndo zinapomnasa mtu hapo. Bagia watu wanachanganya unga wa ngano, kitumbua cha mchele wengine wanaongeza ngano kidogo kishikane, soseji, sosi ya soya, mchuzi uliotiwa unga uwe mzito, vyote uliza kabla hujala. Hata vidonge, muulize mfamasia kama vina wanga wa ngano.

Kauli inayoniudhi kuliko zote ni hii, kidogo tu haidhuru. Inasemwa kwa upendo, ndo maana inaniudhi. Shangazi anakata kipande cha keki ya ubatizo, anasema mwanangu onja tu, Mungu atakulinda. Na mtu akionja kweli anaweza asisikie kitu! Wengine tumbo haliumi kabisa, lakini ndani kinga imewaka tena na manyoya yanakatika na ile miezi ya kusubiri inaongezeka. Mimi nimeamua kujibu kwa niaba yake, nikiwepo mimi hakuna wa kumlisha kwa lazima. Akina mama wakwe wenzangu, hiyo ni kazi yetu, tukatae sisi ili yeye asionekane ana maringo.

Kuna mama aliniuliza kanisani, na Meza ya Bwana je? Swali la maana sana. Wakatoliki, hosti lazima iwe ya ngano, isiyo na gluteni kabisa haikubaliki, ila ipo ya gluteni kidogo sana na hiyo inaruhusiwa, barua ya Vatikani ya mwaka 2017 ilirudia jambo hilo, na pia mtu anaweza kupokea kwa divai peke yake kama kikombe chake hakijachovywa hosti. Aende kwa padre mapema waongee. Sisi wa KKKT naye mchungaji aambiwe, mkwe wangu alimwendea mwenyewe na wakaelewana.

La mwisho halina hospitali. Mimba ikitoka, ni msiba. Ni msiba usio na turubai, hakuna anayeleta sukari na mchele, hakuna anayekaa na mwenye nao usiku. Kesho yake anaamshwa akachote maji. Msimwambie utapata mwingine. Msimwambie bora imetoka mapema. Msimwambie Mungu ana makusudi yake, hata kama mnaamini, kaeni nayo moyoni kwanza. Mpelekeeni mtori, mfulieni mashuka, kaeni. Akitaka kuongea ataongea. Na akibeba mimba nyingine jueni hatafurahi kama mnavyotaka afurahi, kila akienda chooni anaangalia damu, hiyo ni hofu ya kweli na haiondoki kwa kuambiwa amini. Aende kliniki mapema, aombe ultrasaundi ya mapema, aseme nina siliaki na mimba zangu zilitoka, liandikwe kwenye kadi kwa herufi kubwa. Na akilazwa kujifungua msimletee supu ya duka na mkate.

Sasa naona nyuso zenu mnataka kujua, amezaa? Hapana, bado. Kipimo cha mwisho tTG imeshuka sana, haijafika kawaida bado, damu imefika 12, foliki ameshaanza, na wenyewe wawili wameamua wanasubiri kipimo kijacho. Mimi nasubiri nao. Sijaja kuwaonyesha mtoto, nimekuja kuwaonyesha namna mtu anavyosubiri akiwa anajua anachosubiri.

Maswali. Wewe mama wa kitenge cha njano. Anauliza kama mtoto ataurithi. Ndugu wa damu wa karibu, mzazi, mtoto, kaka, dada, uwezekano ni kama 1 katika 10, kwahiyo 9 hawatapata. Ananyonya maziwa ya mama peke yake miezi 6, alafu vyakula, na ngano inaweza kuingizwa kidogo kidogo kabla ya mwaka kama watoto wengine, hakuna faida iliyoonekana ya kumficha nayo. Akiharisha, asipokua, tumbo likivimba, apimwe wakati bado anakula ngano. Na dada zake mkwe wangu wote tumewaambia wapime, mmoja ameshaenda.

Baba pale nyuma anauliza kama mama mkwe naye apime. Mimi sio damu yake baba, lakini asante kwa kunijali.

Haya, chakula kiko tayari. Meza ya kushoto ni mtori, ndizi za kuchoma na nyama, hiyo haina ngano. Meza ya kulia ni sambusa na maandazi. Tafadhali sana, kijiko cha kulia kibaki kulia.